Mbwa mzee akichelewa kuinuka asubuhi

Baridi ya Julai ikishika hapa Uthiru, mbwa wangu Simba huamka kwa vipande. Anajivuta kwa miguu ya mbele, kiuno kinafuata, kisha anasimama kimya kabla ya kupiga hatua. Ana miaka 11. Mbwa wako akichechemea hivyo halafu akapata nafuu mwili ukishapata joto, au akiwa analamba goti lile lile kila jioni, usiseme ni uzee tu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ni baridi yabisi.

Kwenye kiungo kinachougua, gegedu, lile tabaka laini la ncha za mifupa, huliwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe. Kimeng'enya kingine, COX-2, hutengeneza prostaglandini zinazoleta uvimbe na maumivu. Karprofeni, dawa ya maumivu anayomeza Simba, hukizuia hicho. Lakini kuna ndugu yake, COX-1, anayelinda utando wa tumbo, na dawa nyingi za watu huwazuia wote wawili.

Hilo nililijua kwa uchungu. Mwaka juzi nilimpa nusu ya kidonge cha ibuprofeni, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu kinyesi kilikuwa cheusi kama lami: damu ya tumboni. Alipona, lakini nawasihi, ibuprofeni, diklofenaki na paracetamol zikae mbali na mbwa.

Kabla ya kuanza dawa, omba apimwe damu, ini na figo. ALT, kimeng'enya cha ini, kikipanda sana, daktari atafikiri upya. Kidonge mpe pamoja na chakula, na asidungwe deksamethasoni, dawa ya steroidi, wakati huohuo. Akitapika, akisusa chakula au akinya cheusi, acha dawa na upige simu siku hiyohiyo.

Jirani huniambia nimpe papai kwa sababu ya papaini, kimeng'enya chake. Papaini iko kwenye utomvu wa papai bichi, na lililoiva lina kidogo mno. Ni tunda tu.

Kilichomsaidia Simba kuliko nilivyotarajia ni kupungua, kutoka kilo 41 hadi 37 kwa miezi mitano. Mabaki ya ugali tuliyakata kabisa. Shika mbavu zake: uzihisi bila kukandamiza. Matembezi marefu ya msitu wa Karura kila Jumamosi tuliyageuza dakika 15 asubuhi na jioni, kila siku. Na juu ya saruji nilitandika godoro kuukuu ndani ya gunia. Sasa hulala hapo, mgongo ukutani, upande wa jikoni.