Jinsi ya kuipasua 4,294,967,297 kwa peni na karatasi tu

Chukua hii namba, 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 halafu ongeza 1. Mwanahisabati Fermat kule Ufaransa aliamini ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe), na ilikaa hivyo miaka mingi mpaka mwanahisabati mwenzake Euler akaipasua, yaani akapata vigawo vyake, 1732, na we unaweza kuipasua leo bila hata kalkuleta.

Anza na nyepesi. Ni witiri kwa hiyo 2 nje, haiishii 0 wala 5, tarakimu zake zote ukijumlisha unapata 59 basi 3 nayo nje. Kwa 7, 11 na 13 usigawe moja moja, ikate tatu tatu kutokea kulia halafu toa na ujumlishe kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4, inakuja −380, na 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo, zote zimetoka kwa mpigo mmoja (ni kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1001, ukiijua hii hutahangaika tena).

Sasa ukiendelea hivyo utazeeka mezani, maana unatakiwa kujaribu tasa zote mpaka kipeuo cha pili chake, ambacho ni 65,536 na kapointi, na tasa zilizo chini ya hapo ziko 6,542. Ujanja wa Euler ni huu: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1. Kwa hiyo andika 65, 129, 193 ukiongeza 64 kila mara, futa zisizo tasa, na za mwanzo unazobaki nazo ni 193, 257, 449, 577, 641. Tano tu jamani, na jibu limo humo!

Na usigawe lile dude lote. Gawa 65,536, maana hiyo mara yenyewe ndo 2 kwa kipeo cha 32, shika baki tu, zidisha baki kwa lenyewe, ongeza 1, uone kama inagawanyika. Kwa 257 baki ni 1, unapata 2, imefeli. Kwa 193 baki ni 109, unapata 11,882, haigawanyiki. 449 na 577 zinafeli pia, jaribu mwenyewe. Kwa 641 baki ni 154, 154 × 154 ni 23,716, ongeza 1 inakuwa 23,717, na hiyo ni 641 × 37 kamili, imekwisha habari yake.

Ukigawa unapata 6,700,417. Nayo ni tasa, unahakikisha kwa kujaribu zile za kubaki 1 mpaka kipeuo chake cha pili (zilizo chini ya 641 zilishafeli): 641 tena, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113, zote zinabakiza.

Bado kuna tamu moja. Namba yetu ni 65,536 mraba jumlisha 1 mraba, lakini pia ni 62,264 mraba jumlisha 20,449 mraba, na tasa haiwezi kuwa na njia mbili za hivyo, yaani hata bila 641 ukiiona hiyo ya pili tu ushajua si tasa. Halafu cheki hiyo 20,449, nayo ni 143 × 143.