Jinsi ya kukagua noti ya rupia 500 ya Wajerumani

Nauza fedha za kale hapa Bukavu, na mara kwa mara mtu huja na noti ya Kijerumani iliyotoka sandukuni mwa babu. Si ajabu: mwaka 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, walitoka upande wetu, wakaingia Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba, miji iliyokuwa chini ya Wajerumani. Swali huwa bei. Subiri kwanza.

Hatua ya 1. Ishike kwa kingo, mikono iwe mikavu. Usiifute, usiipige pasi, na tafadhali, hakuna seloteipu!

Hatua ya 2. Soma tarehe. Noti ya 500 ilitolewa na Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na imeandikwa Daressalam, 2 Septemba 1912. Zile za 5, 10, 50 na 100 ni za 15 Juni 1905. Sura ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, haitoshi kuitambua, kwa kuwa yumo pia kwenye ya 50 na ya 100. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani, kwa hiyo 500 ni mark 666 na ushei. Hiyo haikuwa ya kwenda nayo sokoni kununua chumvi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Vita vilipoanza, Waingereza walifunga njia ya bahari, noti mpya zikakosa pa kupitia. Kuanzia 1915 Wajerumani wakachapa za muda huku huku, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, zenye neno Interims-Banknote. Mwishowe wakagonga mihuri ya mpira. Kubwa kuliko zote katika hizo ni ya 200. Ukiletewa Interims ya 500, mrudishie mwenyewe. Lakini ubovu wa uchapaji peke yake usikufanye useme ni bandia: ya rupia 1 ya mwaka 1917 ni mbaya kweli, na ni halali.

Hatua ya 4. Chukua kioo cha kukuzia. Kwenye ya 1912 utaona mistari myembamba isiyokatika. Ukiona vidoti vya rangi, ni nakala ya mashine ya kisasa.

Hatua ya 5. Iweke kwenye mfuko wa poliesta. Plastiki laini ya PVC huharibu karatasi, na unyevu wa ziwa letu huongeza kuvu.

Sasa bei: angalia noti kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani mnadani, si muuzaji anaomba kiasi gani.