Kuitikia au kuulizwa? Pima mwenyewe darasani

Mwaka 2008 wanasaikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha utafiti katika jarida la Science, na lugha waliyoitumia ni yetu: wanafunzi wa chuo kikuu Marekani walijifunza jozi 40 za Kiswahili na Kiingereza, kama mashua na "boat". Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa hata maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban asilimia 80. Walioendelea kuyasoma tu bila kuulizwa tena hawakufika 40.

Lakini wale ni watu wazima. Mimi nafundisha Kiingereza darasa la tatu, watoto 64, ikabidi nijaribu mwenyewe kama kuulizwa kunashinda kuitikia kwa pamoja.

Hatua ya 1. Chagua vitu 12 vinavyobebeka: ufagio, kitana, ufunguo, kamba, kijiko. Achana na "blanket" na "pencil". Mtoto anayesema blanketi na penseli ameshapewa nusu ya jibu. Vigawe sita sita kwa kura.

Hatua ya 2. Sita za kwanza ni za kuitikia. Inua ufagio, sema "broom", darasa liitikie. Dakika kumi.

Hatua ya 3. Sita za pili, dakika kumi zilezile. Taja kila kitu mara mbili, kisha vitie vyote kikapuni. Chomoa kimoja, nyamaza, hesabu moyoni hadi tano, ndipo umtaje mtoto. Ukianza na jina, wale 63 wanapumzika. Akikosa, mpe jibu, endelea na vitu viwili vingine, kisha mrudie. Kimya kile kinasumbua, utatamani kuwasaidia. Vumilia.

Hatua ya 4. Usipime siku hiyohiyo. Mimi nilipima, nikaona njia zote mbili ni sawa, nikakaribia kuacha. Ngoja siku saba, na usiwatangazie. Keti nje ya mlango, ita watoto kumi kwa kura, mmoja mmoja, onyesha kitu. Iwe kwa mdomo, si daftarini. Akisema "burumu" mpe alama yake, matamshi yana siku yake. Binti mmoja aliyekuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote alikishika kitana, akakigeuza, akasema: "Mwalimu, mimi nilikuwa nafuata wenzangu."

Hatua ya 5. Rudia kwa maneno mengine, safari hii ukianza na kikapu, maana kinachotangulia hukuta akili bado mbichi.