Kabla ya kumwita mtoto jikoni kwa jaribio la sayansi

Kwa watoto wa miaka minne hadi saba sijaona jaribio linalolishinda lile la hamira na puto. Chupa ya plastiki ya nusu lita, maji vuguvugu, kijiko cha chai cha hamira na viwili vya sukari. Tikisa, kisha visha puto mdomoni mwa chupa. Hamira ni viumbe hai wadogo mno. Wanakula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na baada ya nusu saa hivi puto linaanza kusimama lenyewe.

Lakini usiku uliotangulia, lifanye peke yako. Hamira iliyobaki wazi kabatini tangu Ramadhani huenda imekufa, na maji ya moto huiua hata ile nzima. Yapime kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mtoto akingoja nusu saa halafu puto likalala tu, maelezo yako kuhusu hamira mbovu hayatamfuta machozi. Na puto alivishe mtu mzima, vipande vikipasuka aviokote yeye, maana kipande kikiingia kooni humkaba mtoto.

Wanaopenda povu la papo hapo huchanganya siki na soda ya kuokea. Hapa nakuomba usome lebo mara mbili. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni nayo ni nyeupe, nayo huunguza ngozi na macho. Kilichofungwa kwenye mfuko usio na jina kisifike mezani. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iweke mbali kabisa, kwa kuwa ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Wala usikaze kifuniko cha chupa yenye povu. Hewa isipopata njia, chupa hupasuka.

Jiko liwe limezimwa, sinia liwe chini ya kila kitu, kitambaa kiwe karibu. Mkimaliza, mwaga yote palepale. Mtoto aliyezoea kunywa maji kwenye chupa ya soda hatauliza kilichomo, na ndivyo wengi wanavyokunywa mafuta ya taa.

Weka pia karatasi na kalamu za rangi. Kabla hujamimina chochote, muulize, "Unadhani itakuwaje?" Umwache achore jibu lake, hata kama anachora puto linaloruka hadi mwezini.