SOMO: "Robo" ya Kihispania si "robbery" kila mara

Wakuu, kila wiki naulizwa: neno la Kihispania "robo" (aina ya wizi) kwenye hukumu na hati za mahakama, ulitafsirije kwa Kiingereza? Naliandika mara moja, mtakaouliza tena nitawaelekeza hapa.

1. Angalia hati imetoka nchi gani.

2. Tafuta namba ya kifungu cha sheria ya jinai, ukakisome chenyewe.

3. Kwa Hispania, "hurto" (kifungu cha 234) ni wizi usio na nguvu. Andika "theft".

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Hispania ina "robo" mbili. "Robo con violencia o intimidación" (242) ni mtu kupigwa au kutishwa. Hiyo ndiyo "robbery". "Robo con fuerza en las cosas" (238) nguvu imeishia kwenye vitu: mlango, dirisha, kabati, hata kuzima king'ora. Kijana mmoja alivunja kioo cha gari usiku, ndani hamna mtu. Kwenye hukumu yake niliandika "robbery with force". Msomaji wa Kiingereza akaelewa kwamba kamkaba mtu, na ombi lake la kazi likakwama mpaka nilipotafsiri upya. Bado inaniuma. Wala usikimbilie "burglary": kwa sheria ya wizi ya Uingereza ya 1968 lazima mtu aingie kwenye jengo, na gari la kawaida si jengo. Siku hizi naandika "theft by breaking in", na neno la Kihispania naliacha pembeni yake.

5. "Asalto" si "assault" (shambulio). "Asalto a mano armada" ni "armed robbery".

MASWALI

— Mkuu nipe neno moja tu la robo, nawasilisha kesho asubuhi.
— Hatua ya 1. Nchi gani?
— Mexico.
— Ungeanza na hilo. Kanuni ya adhabu ya shirikisho, kifungu cha 367: kuchukua mali ya mtu bila haki wala ridhaa. Hiyo ni "theft". Ukiona "con violencia" ndipo uandike "robbery".

— Samahani mwalimu, hati ya Colombia inasema "hurto calificado", na mtu alitishiwa kisu. Mbona hurto?
— Umesoma kwa makini, hongera. Colombia "hurto" ndilo neno mama (239), na ukatili dhidi ya mtu umo ndani ya 240. Usiandike "aggravated", maana 241 ina "agravado" yake na utazichanganya. Mimi naandika "qualified theft with violence against persons". Una hati nyingine, ilete tuisome pamoja.

— Akifungua kwa ufunguo alioiba, hakuvunja kitu?
— Hispania bado ni "con fuerza". Kifungu cha 239 kinauhesabu ufunguo huo kuwa wa bandia, na kadi za sumaku zimo.

— Na kwa Kiswahili je?
— Yenye "violencia" naiita unyang'anyi. Wakenya wengi watakuelewa upesi zaidi ukisema wizi wa mabavu. Ile ya kioo cha gari naandika wizi wa kuvunja.