Somo: Kuchora mende kwa dadu kwenye bethdei, hatua kwa hatua

Mchezo huu unawafaa watoto wa kuanzia miaka 6, na watu wazima wakishaanza ni vigumu kuwainua mezani. Waingereza wanauita Beetle. Marekani upo wa vipande vya plastiki, Cootie, uliobuniwa na William H. Schaper mwaka 1948. Hapa tunachora mende, maana huyo kila mtoto wa Dar anamjua.

MAHITAJI (watoto 20, raundi 3)

Dadu 5, zile za ludo zinatosha. Karatasi za A4 15, kila moja ikatwe vipande vinne, upate 60. Kalamu za wino 25. Usitumie penseli: inafutika, na mguu uliofutika huleta ugomvi. Sinia 5 zenye kitambaa kilichokunjwa ndani. Bila sinia dadu itadondoka chini ya viti kila dakika, na bila kitambaa kelele za bati zitamzidi MC. Kama mnakaa chini, msirushe dadu juu ya mkeka wenyewe, kwani inaegama kwenye ukindu na kila mtu anasoma namba yake.

Joto la Dar halitaki feni izimwe, kwa hiyo kila mtoto apewe daftari au kipande cha boksi cha kuwekea karatasi, pamoja na kibanio cha nguo cha kuishikilia.

HATUA

1. Andika namba kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, uibandike ukutani mahali pa kuonekana na wote:

6 – mwili
5 – kichwa
4 – mabawa (mara moja tu)
3 – mguu
2 – sharubu
1 – jicho

Mende kamili ana viungo 13: mwili, kichwa, mabawa, miguu 6, sharubu 2 na macho 2.

2. Panga meza tano za watu wanne wanne, uzipe namba 1 hadi 5. Meza 1 ndiyo ya juu. Kila meza dadu moja.

3. Kila mtu anarusha mara moja, kisha anampa wa kulia kwake. Hakuna anayechora chochote kabla ya kupata 6, kwa sababu mwili ndio unaobeba vingine vyote. Macho na sharubu vinasubiri kichwa. Ukipata namba usiyoihitaji, au ambayo bado huna pa kuichora, zamu imepita.

4. Wa kwanza kukamilisha anapaza sauti: "Mende!" Meza zote zinasimama hapo hapo, hata kama dadu iko hewani. Kila mmoja anahesabu viungo vyake, kiungo kimoja pointi moja, na anaandika jumla kwenye kona ya karatasi.

5. Mwenye pointi nyingi anapanda meza moja juu, mwenye chache anashuka moja. Mshindi wa meza 1 anabaki palepale, na wa mwisho wa meza 5 naye habanduki. Wakilingana, warushe dadu, mwenye namba kubwa ndiye mshindi. Baada ya raundi tatu jumlisha pointi, toa zawadi.

MAMBO MAWILI YANAYOUHARIBU MCHEZO

La kwanza ni ile 6 ya kuanzia. Ukirusha mara kumi, uwezekano wa kutoiona 6 hata mara moja ni kama asilimia 16. Kwa watoto 20, tegemea watatu hivi wakae na karatasi nyeupe huku wenzao wakichora miguu. Hapo ndipo kilio kinapoanza. Weka sharti mapema: aliyekosa mara kumi anapewa mwili bure.

La pili ni miguu. Kila mguu unataka 3 yake, na 3 huja kwa wastani mara moja katika mitupo sita. Miguu sita ni mitupo 36, ongeza 6 ya kuupata mwili, jumla 42, na bado hujagusa macho. Watu wanne wakigawana dadu moja, raundi inaburuta mpaka keki inaanza kuyeyuka. Kwa watoto, 3 moja ichore miguu miwili, kushoto na kulia. Miguu inashuka hadi mitupo 18, na hesabu ya pointi inabaki 13. Watu wazima waachieni mguu mmoja mmoja. Ushindani wao uko hapo.

Chezeni kabla ya pilau. Mikono ya mafuta inateleza kwenye dadu, na karatasi zinalowa kiasi kwamba wino haushiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina dadu mbili tu na watoto 12. Nifanyeje?
Kaa nao makundi mawili ya sita, halafu wagawe wawili wawili: mmoja anarusha, mwenzake anachora, na wanabadilishana kila zamu. Kila kundi linabaki na karatasi tatu, kwa hiyo zamu inarudi upesi. Au tumia vizibo vya soda: sita, viandike 1 hadi 6 kwa maka pen upande wa ndani, viweke kwenye mfuko mweusi. Mtoto anachomoa kimoja, anasoma, anakirudisha, anatikisa. Asipokirudisha hesabu yote inaharibika, maana namba iliyotoka haiwezi kutoka tena. Chagua vizibo ambavyo havijapinda, kwani kilichopinda vidole vinakitambua.

Jirani zangu hawataki dadu nyumbani, wanasema ni mambo ya kamari. Tuache?
Msiache, ila msiwalazimishe. Wapo Waislamu wasiotaka dadu hata pasipo fedha, na hilo liheshimiwe. Ulizeni wazazi siku chache kabla. Kwenye vizibo chora viungo vyenyewe badala ya namba: mwili, kichwa, mabawa, mguu, sharubu, jicho. Na hapa pesa isiwekwe mezani kabisa, hata ya mia mia.

Dada, anayepata namba anayoihitaji si anarusha tena?
Wapo wanaocheza hivyo. Kwa watu wawili ni sawa. Mezani kwa wanne sikushauri, mmoja anaweza kuchora viungo vitatu mfululizo na wa nne akaanza kuchezea simu.

Meza mbili zikisema "Mende!" kwa pamoja?
Wote wawili wanapata 13. Lakini msimamizi akague kwanza, kwa sababu wenye haraka husahau jicho la pili. Akikuta kiungo kimekosekana, meza zote zinaendelea pale zilipoishia, na aliyekosea anarukwa zamu moja.

Mwanangu ana miaka minne.
Mchoree mende wa nukta nukta, yeye apitishe kalamu juu yake. Msomee dadu mpaka aizoee.