Kinundu kwenye pafu, pingili iliyobonyea: ya kuandaa kabla ya kumrudisha mzee kwa daktari

Ripoti ya CT scan ya kifua cha mzee ni nadra kurudi bila jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Mama kaanguka, daktari kataka kuangalia mbavu. Mbavu nzima, ila ripoti inataja kinundu cha milimita 5 kwenye pafu la kulia na, mistari miwili chini yake, pingili ya mgongo iliyobonyea. Familia yote inashikwa na hofu ya kinundu. Kwa mzee aliyekwisha kuambiwa ana osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika, mimi ningeanza na pingili.

Pingili ikibonyea bila ajali kubwa, huo ni mfupa uliovunjika, hata kama yeye alidhani ni mgongo wa uzee tu. Kati ya wanawake wazee waliovunjika pingili, karibu mmoja kati ya watano huvunjika nyingine ndani ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mpime urefu ukutani, bila viatu, na muulize alikuwa na urefu gani ujanani. Upungufu wa sentimita 4 au zaidi ni habari ambayo daktari anaihitaji. Gauni lililokuwa likiishia kwenye kifundo cha mguu na sasa linaburuta chini linasema hivyo hivyo.

Dawa zibebe na maboksi yake, usitegemee kumbukumbu. Alendroneti ya kila wiki, kidonge cha kuimarisha mifupa, inamezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha anakaa wima nusu saa. Wapo wanaoimeza na chai ya maziwa kisha wakarudi kitandani. Kama ripoti inagusia umio au tumbo lililopanda kifuani, lazima daktari ajue anaitumia. Anayechomwa denosumabu, sindano ya mifupa, kila miezi 6, andika tarehe ya sindano ya mwisho, maana ikicheleweshwa sana pingili zinaweza kubonyea kadhaa kwa mfululizo. Taja pia predinisoloni ya pumu au ya viungo, kwani ikitumika muda mrefu inakula mifupa.

Sasa kinundu. Tafuta zile bahasha kubwa za picha za zamani nyuma ya kabati, hata za miaka 10 iliyopita. Kinundu kigumu kilichokaa miaka 2 bila kukua mara nyingi sana si saratani, na kwetu huku wengi wana makovu ya kifua kikuu cha zamani. Omba CD yenye picha zenyewe, si karatasi peke yake. Muulize daktari: kina kingo laini au zenye miiba? Kina chokaa ndani? Kwa mwongozo wa 2017 wa Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, kinundu kigumu kisichofika milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa ya saratani, kwa kawaida hakihitaji kufuatiliwa kwa picha nyingine. Lakini mwongozo huo haumhusu aliyewahi kuwa na saratani wala mwenye kinga iliyoshuka, ikiwemo kwa VVU. Hapo msifiche chochote, na sigara za zamani mzitaje.

Ikipangwa CT nyingine, uliza kama ni ya sindano ya dawa ya rangi. Ikiwa ndiyo, kipimo cha figo kinatangulia, na mwenye kisukari aseme kama anatumia metformini. Mwenye kibiongo hawezi kulala chali kirahisi, hivyo waombe mto mapema. Na asipelekwe kwa bodaboda.

Yapo yasiyosubiri miadi: akikohoa damu, miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au akishindwa kuzuia mkojo ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.